Kiti Kilichopauka

"Hivi hiyo pikipiki mmeihifadhi au mmeizika?"

Aliyeuliza alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama muuza mkaa, mwenye mikono myeusi na maneno mengi. Siku hiyo alikuwa anapita na ndoo yake, akamkuta Msusi akihangaika na kufuli la gereji, analivuta, analijaribu, analivuta tena, kama mtu anayefunga hazina ya serikali.

"Tumeihifadhi," Msusi akamjibu. "Kuzika azike mwenye maiti."

"Haya mama, mimi nimeuliza tu. Maana hata mgonjwa mahututi hufunguliwa dirisha."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja akashika njia yake. Lakini neno la jirani ni kama mwiba wa samaki. Unaweza kunywa maji mtungi mzima na bado uko kooni. Msusi aliingia ndani, akamkalisha mteja wake kwenye kigoda, akaendelea kusuka pale alipoachia, na moyoni anajibu swali lile kwa hasira. Azike nani? Yeye? Yeye aliyeambiwa aitunze?

Pikipiki ile ilikuwa ya Kitinda. Jina lake alilopewa na baba lilikuwa kwenye vyeti tu. Watu wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, wa mwisho tumboni mwa mama yao. Mama alipofariki, mtoto alikuwa hata meno hayajamjaa kinywani. Msusi mwenyewe alikuwa bado binti wa shule. Shule ikaishia hapo. Akajifunga mtoto mgongoni, akashika vichwa vya watu, na kwa vichwa hivyo wakala, wakavaa, wakalipa ada. Kila asubuhi baada ya kumwogesha, alimpaka mafuta yale yale ya kazini, ya nywele, kuanzia paji la uso mpaka vidole vya miguu. Kuna siku unga ulikosekana, ila mafuta hayakukosekana. Mtoto yule hakuwahi kupauka. Wateja walikuwa wakitania: "Huyu wako anang'aa, mtu anaweza kujitazama kwenye goti lake."

Kitinda akakua, akawa fundi wa kuchomelea vyuma, akanunua pikipiki. Na siku ya kwanza kabisa, wa kwanza kukaa nyuma alikuwa dada yake. Kila siku ya ibada alimpitia, akampeleka, akamrudisha. Msusi alikuwa anapanda upande, magoti pamoja, kitabu cha sala kifuani, anawasalimia watu barabarani hata wasiomjua. Kiti kile cha nyuma alikihesabu kuwa malipo yake ya duniani. Malipo mengine aliyaacha kwa Mungu.

Halafu akaja Mshonaji.

Alikuwa binti wa watu, mpole, mshona mapazia, hana makuu. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: Kitinda alimpenda. Wiki ya kwanza baada ya ndoa, Msusi alivaa, akajitanda, akakaa kizingitini kusubiri. Akasubiri. Mwisho akaondoka kwa miguu, jua la utosi, akiomba njiani, "Mola wangu, nipe moyo mpana." Hajamaliza hata dua yenyewe, akasikia nyuma yake pii pii! Akageuka. Wale hao wamempita, mmoja mbele, mmoja nyuma, mkono umezunguka kiuno, wanampungia kwa furaha kabisa. "Wifiii!" Mshonaji alimwita. Vumbi likamwingia Msusi mdomoni, na ule moyo mpana ukarudi alikotoka.

Usimcheke. Mwenye kulea ana wivu wake, na wivu wa namna hiyo haupigi kelele. Unakaa mahali penye giza na unyevunyevu, unaota taratibu.

Kitinda alipopata kazi ya mkataba mbali, nchi ya watu, alikuja na pikipiki mpaka kwa dada yake. Mkewe alikuwa amebaki kwenye chumba chao cha kupanga, ghorofani, ngazi nyembamba, mahali ambapo hata cherehani ilikaa kwa kuomba nafasi. Kwa Msusi kulikuwa na gereji ya baba yao, ukuta wa matofali, mlango wa bati. Kitinda akaisukuma ndani, akampa dada yake funguo, akasema, "Dada, nakuachia. Itunze kama ulivyonitunza mimi."

Neno hilo Msusi alilishika kama andiko.

Hakulisikia kama maneno ya mtu mwenye haraka ya safari. Alilisikia kama hukumu baada ya kesi ndefu. Funguo amepewa nani? Mke au dada? Basi. Akazifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwani, na kila akikutana na Mshonaji alikuwa anapata sababu ya kukigusa kile kitambaa.

Zikaja mvua. Gereji ile iligawana ukuta mmoja na bafu, na ukuta wenyewe ulikuwa mzee. Maji yakimwagika bafuni, gereji inatoka jasho. Siku moja Msusi akaingia, akakuta kiti cheusi cha pikipiki kimefanya weupe, vumbivumbi la rangi ya majivu, kwa nyuma zaidi kuliko mbele.

"Umepauka, mwanangu," akasema.

Akaenda kuleta chupa ya mafuta ya nywele. Akakipaka kiti kile mpaka kikang'aa, akapaka na vishikio, na tangi, na kwa ndani ya helmeti, maana nayo ilionekana kavu. Kisha akafikiri: huyu mtoto asipigwe na baridi. Akaifunika kwa nailoni ile nzito ya kufunikia magodoro, akaizungusha kamba toka mbele hadi nyuma, fundo juu ya fundo. Kama mtu angetaka kuifungua bila yeye kujua, ingemchukua siku nzima.

Alipofungua tena, kiti kimepauka zaidi. Akaongeza mafuta. Mara nyingine tena, kimepauka kupita mwanzo. Akaongeza. Hakumwuliza mtu. Kumwuliza mtu ni kukiri kwamba kuna kitu, na kukiri ni kumpa Mshonaji mlango.

Maana Mshonaji alikuwa anakuja. "Wifi, mume wangu alisema iwe inawashwa kidogo, betri isife. Nifungulie mara moja."

"Ipo salama."

"Najua, ila ningeitoa hata nje ipigwe na upepo..."

"Wifi, ipo salama. Au huniamini? Mwenyewe nilikuwa simtoi nje kwenye baridi, ndiyo maana akakua."

"Nani? Pikipiki?"

"Haya, cheka. Akili ni nywele."

"Kila mtu ana zake," Mshonaji akamalizia, kwa kicheko, na akaondoka bila kununa. Hilo la kutonuna lilimuuma Msusi kuliko angetukanwa. Mtu asiyenuna hakupi kisa cha kumchukia. Inabidi ukitafute mwenyewe.

Kisha Kitinda akapiga simu. Alikuwa na furaha. Mkewe kapata kazi nzuri, mapazia ya nyumba nzima ya wageni, upande ule mwingine wa mji. Akiifanya vizuri watampa na ya pili. Lakini vitambaa ni vizito, na wenye kazi wanataka mapazia yapelekwe kwa awamu, kila chumba kikiisha. "Kwa hiyo Dada, mpe pikipiki. Atakuja kesho asubuhi."

"Nani ataendesha?"

"Si yeye mwenyewe."

"Anajua?"

"Nilimfundisha mimi. Jioni jioni, kabla sijaondoka. Tulitaka tukushtue siku moja!"

"Mmenishtua," Msusi akasema. Akacheka, na kicheko kikatoka kimevaa viatu vya kuazima.

Kwa hiyo Kitinda alikuwa amemkalisha mkewe mbele. Yeye, aliyembeba mgongoni, alikuwa hajawahi kugusa hata kishikio wakati injini inanguruma. Mwingine kawekwa mbele, kafundishwa kwa upole, pengine kashikwa na mkono. Roho ilimuuma mpaka mteja akalalamika, "Dada, taratibu, hicho ni kichwa si kamba."

Kesho yake aliamka mapema ili aipange kabla mgeni hajafika. Akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu, akavuta nailoni. Harufu ikamrudisha nyuma hatua nzima.

Kiti hakikuwa kimepauka. Kilikuwa kimeota. Manyoya ya kijani na meupe yalikuwa yamesimama kama nywele za mtoto mchanga, yamejaa kwenye mishono, yameshuka ubavuni. Vishikio vilikuwa na madoa ya unga. Helmeti kwa ndani usingeweza kuijua rangi yake. Cheni ilikuwa imevaa kutu. Na ile nailoni, kwa upande wa ndani, ilikuwa inatiririka maji kama kifuniko cha sufuria.

Msusi alikimbilia ndani kutafuta kitu, chochote. Akarudi na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua kizibo.

"Hodi humu! Wifi, usimwage hiyo, utakiua kiti!"

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, begi begani. Akatazama pikipiki. Akatazama nailoni. Akamtazama wifi yake aliyeshika chupa kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Msusi alijikaza kusubiri maneno, na maneno yake mwenyewe ya kujibu alikuwa ameshayapanga mdomoni.

"Pole, wifi," Mshonaji akasema. "Huu ukungu. Kwangu uliwahi kula robota zima la kitambaa. Tuitoe nje kwanza, usiuvute puani."

Kila mmoja akajifunga kitambaa puani. Wakaisukuma mpaka uani kwenye jua, wawili, bega kwa bega, tairi linagoma. Mshonaji akaagiza siki kwenye duka la kona, akaichanganya na maji nusu kwa nusu. Akavua saa yake, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti.

"Kwanza tunalowanisha, tunaacha ufe. Ukisugua mkavu unaupeperusha, kesho unaota pengine." Akashusha kidogo kitambaa cha puani, akanusa kiti kwa mbali. Akanusa tena. "Wifi. Hii harufu naijua."

Msusi akainama kukoroga siki kwenye ndoo.

"Si mafuta yako ya nywele haya? Ndiyo ninayoyasikia siku zote nikija kusukwa."

"Kilikuwa kinapauka."

"Kinapauka?"

"Kilifanya weupe. Nikakipaka kisipauke."

Mshonaji alimtazama muda, kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Wifi yangu jamani! Ule weupe ndio ukungu wenyewe ulikuwa unaanza. Kiti hakipauki, kiti si goti la mtoto! Umeulisha, ukaufunika na blanketi." Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko. "Mungu atusamehe, umeulea ukaleleka."

Hakikuwa kicheko kibaya. Mtu mwingine angecheka naye, na mambo yangeisha hapo. Hata Msusi mwenyewe pembe ya mdomo ilitaka kupanda. Lakini muuza mkaa alikuwa amechungulia ukutani, naye akacheka, na Msusi akajiona yuko katikati ya vicheko viwili.

"Nilisema mimi! Mgonjwa hufunguliwa dirisha!" muuza mkaa alipaza sauti. "Subirini, nitawaletea mkaa kwenye kopo mweke humo ndani ya gereji. Mkaa unakunywa unyevu kama mlevi."

Wakafanya kazi. Mshonaji alipitisha mswaki wa zamani kwenye mishono, mshono kwa mshono, kwa mkono wa mtu anayejua mshono ni nini. Msusi alifuta vishikio. Maji ya ndoo yalikuwa meusi, wakayamwaga, wakaleta mengine yenye sabuni, kisha kitambaa kikavu. Kiti kikaanza kuonekana. Madoa machache yalibaki upande wa nyuma, pale alipokuwa akikaa Msusi, kisha akakaa mwingine. Mshonaji alihangaika nayo, akainama karibu, akiimba kwa sauti ya chini, na Msusi akamwona jinsi anavyoupitisha mkono juu ya kile kiti, polepole, kama mtu anayempangusa mume wake uso. Akashindwa kuondoa macho. Hata katika kufuta, alipenda vizuri kuliko yeye.

"Tumwambieje Kitinda?" Msusi akauliza.

"Tutamwambia ni unyevu wa ukuta. Si uongo, ukuta unatoka maji. Hayo mengine ni yetu sisi wawili." Mshonaji akamkonyeza. "Ila nailoni, wifi, tuitupe leo leo."

Simu ya Msusi ikalia juu ya kigoda. Mikono ilikuwa na povu, akaibonyeza kwa kiwiko, akaweka sauti ya nje.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Vipi, ameshafika? Mtandao wake haupatikani."

Mshonaji akainua kichwa kwa tabasamu, akataka kujibu. Msusi akamwonyesha kidole, ngoja. Alitaka tu azungumze na mtoto wake dakika moja kabla hajanyang'anywa.

"Pikipiki iko hali gani, Dada? Hapa rafiki yangu mmoja aliacha yake kwa ndugu, kaikuta imeoza. Nikamwambia, mimi sina wasiwasi. Nimemwachia dada yangu. Yule akitunza kitu, ametunza. Mimi hapa ndiyo ushahidi."

Msusi akatazama ndoo. Akaitazama ile nailoni iliyotupwa chini. Hakuna mtu aliyewahi kumsifu hivyo mbele ya mke yule. Sifa ilikuwa imesemwa, kwa sauti ya nje, na mke kaisikia. Na sasa ilitaka kunyang'anywa pale pale, kwa neno dogo tu, unyevu. Maana Kitinda si mjinga. Angeuliza, unyevu tu ndio uote hivyo?

"Imeota ukungu," akasema. "Kiti chote."

"Ukungu? Kwa nini?"

"Ilifungwa nailoni."

"Nani aliyeifunga nailoni, Dada? Hata mtoto anajua..."

Ulimi hauna mfupa. Msusi aliusikia wa kwake unakwenda mbele, yeye yuko nyuma anaukimbiza. "Mkeo alikuja kipindi cha mvua. Akaifunika, akaifunga kamba. Akaipaka na mafuta. Mimi nikasema moyoni, ni yake na mumewe, nisiingilie. Sikutaka kugombana na watu."

Mswaki ukasimama kwenye mshono.

Msusi alimtazama. Alikuwa anasubiri apige kelele, aseme huo ni uongo, aseme wifi ni mchawi, chochote, simu iko wazi na mumewe anasikia. Angepiga kelele, ungekuwa ugomvi, na ugomvi una pande mbili. Mshonaji alikuwa anamtazama tu kama mtu aliyeona nyumba anayoifahamu haina ukuta wa nyuma.

Kule upande wa pili Kitinda akashusha pumzi. "Sikulitegemea hilo kwake. Basi Dada, ibaki kwako mpaka nirudi. Funguo usimpe. Atafute usafiri mwingine. Nitaongea naye mimi."

"Usimkaripie, mwanangu."

"Mungu akubariki, Dada."

Simu ikakatika. Jua lilikuwa zuri. Kiti kilikuwa kinakauka, cheusi, safi, karibu kama kipya, na chote kilikuwa cha Msusi, cha mbele na cha nyuma.

"Wifi," akasema.

Mshonaji aliupeleka mswaki kwenye ndoo, akausuuza, akaulaza ukingoni. Akanawa mikono. Akashusha mikono ya gauni, akafunga vifungo kimoja kimoja, akavaa saa yake. Ile helmeti aliyokuwa ameisuuza kwa ajili ya safari yake, iliyokuwa kando ya ndoo, akaigeuza, ndani kukaelekea juani ili kukauke, akaiweka juu ya kiti.

"Wifi, nampigia. Nampigia sasa hivi nimwambie. Ulimi tu. Si unajua ulimi?" Msusi alikuwa ameshaichukua simu. Alikuwa ameishika, na kidole kiko juu yake, na kidole hakishuki.

Mshonaji alikiona kidole. Akakiangalia kwa subira, muda wa kutosha mtu kubonyeza mara tatu. Halafu akalivuta begi begani.

Langoni alipishana na muuza mkaa anayeingia na kopo lake mkononi. "Mama, mbona kwa miguu? Si mlisema leo unatoka umepanda?"

Mshonaji akampisha apite, akatoka, akashika njia kwa miguu.